Pacha wa Ellen

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 25:21-28, Eze. 18:20, Mk. 6:1-4; Yn. 7:1-5, Mdo. 1:12-14, 1 Pet. 3:1, 2, Rum. 9:1-3; Mwa. 18:25.

Fungu la Kukariri: Marko 5:19.

Tarehe 26 Novemba 1827, huko Gorham katika jimbo la Maine, Marekani, Eunice Harmon alijifungua mapacha, wote wasichana. Mumewe, Robert, alikuwa mtengeneza kofia. Mapacha hao ndio waliokuwa vitinda mimba katika nyumba yenye watoto wanane. Mmoja aliitwa Ellen, na mwenzake Elizabeth.

Ellen anafahamika kwa kila Mwadventista. Ndiye Ellen G. White, ambaye maandiko yake yanasomwa katika nchi nyingi na kwa lugha nyingi. Elizabeth hafahamiki sana. Hakuandika vitabu, hakusimama mimbarani, wala hakujiunga na kanisa ambalo dada yake alisaidia kulianzisha.

Juma hili darasa litajifunza juu ya Elizabeth. Maisha yake yanagusa swali ambalo washiriki wengi hulibeba kimya kimya kila Sabato: Mkristo afanye nini wakati mtu wa tumbo moja naye hayumo pamoja naye katika imani?

JUMAPILI: Watoto wa Tumbo Moja

Familia ya Harmon ilihamia mji wa Portland mapacha hao wakiwa bado wadogo. Walilala nyumba moja, wakasoma shule moja na kusikia sala zilezile za wazazi waliokuwa Wamethodisti wenye bidii.

Walipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, walikuwa wakirudi nyumbani kutoka shule pamoja na mwenzao mmoja. Msichana mkubwa kuliko wao aliwafuata kwa hasira, akarusha jiwe. Ellen alipogeuka kumtazama, jiwe lilimpiga puani, akaanguka. Alipopata fahamu alijikuta dukani, damu ikimtoka. Mtu mmoja alijitolea kumpeleka kwa gari lake la farasi, lakini Ellen alikataa, akaanza kutembea. Hatua chache tu nguvu zikamwishia. Pacha wake na yule mwenzao ndio waliombeba hadi nyumbani.

Kwa hiyo Elizabeth alikuwapo siku ile iliyobadili maisha ya Ellen. Alimwona dada yake akilala muda wa majuma matatu bila kujitambua, na baadaye akishindwa kuendelea na shule. Walishiriki karibu kila kitu. Hata hivyo, imani haipitishwi kwa damu.

Soma Mwanzo 25:21-28 na Ezekieli 18:20. Mafungu haya yanafundisha nini kuhusu watu waliolelewa pamoja na uchaguzi wa kila mmoja wao? ______________________

Angalia: Elizabeth hakuwa Esau. Hakuna habari kwamba alimchukia dada yake. Watu wengi walio nje ya imani ni watu wema, wenye upendo kwa ndugu zao. Kuwahesabu kuwa adui ni kuwakosea.

JUMATATU: Njia Zinapoachana

Mwaka 1840 William Miller alihubiri Portland juu ya marejeo ya Kristo, na ujumbe huo ukaingia katika nyumba ya Harmon. Mwaka 1843 familia hiyo iliondolewa katika ushirika wa kanisa lao la Methodisti kwa sababu ya tumaini hilo. Kisha ikaja tarehe 22 Oktoba 1844, na Bwana hakuja. Mwezi Desemba mwaka uleule Ellen, akiwa na umri wa miaka 17, alipata njozi yake ya kwanza.

Kuanzia hapo njia za mapacha ziliachana. Ellen aliolewa na James White mwaka 1846, nao wakaanza maisha ya kusafiri, kuandika na kuhubiri, mara nyingi katika umaskini. Elizabeth aliolewa na Reuben Bangs, mwenye duka, akabaki Maine kulea familia yake.

Wengine wa nyumba hiyo waliungana na Ellen. Wazazi wao walikuja kuitunza Sabato. Dada yao Sarah aliolewa na Stephen Belden, akafanya kazi pamoja na Ellen na James katika miaka ya mwanzo ya uchapishaji. Mwanawe Franklin akawa mtunzi wa nyimbo za injili. Elizabeth hakuifuata njia hiyo.

Tafakari: Je, katika familia yako yupo ambaye njia yake iliachana na yako kwa sababu ya imani? Mara ya mwisho ulizungumza naye lini, na mlizungumza juu ya nini?

JUMANNE: Nabii Nyumbani Kwake

Soma Marko 6:1-4 na Yohana 7:1-5. Ni nini kilichowafanya watu wa nyumbani kwao Yesu wasimwamini? ______________________

Watu wa Nazareti walijua kazi ya Yesu ya useremala, mama yake, na majina ya ndugu zake. Kujua huko kulikuwa kikwazo. Walidhani hakuna jipya la kuwatoka kwake. Na Yohana anasema wazi kwamba hata ndugu zake hawakumwamini.

Jambo hili liwafariji wengi. Wako wazazi, kaka na dada wanaojilaumu: “Kama ningeishi vizuri zaidi, ndugu yangu angeamini.” Ni vema kujichunguza, lakini Yesu aliishi bila dhambi katika nyumba ile, na bado ndugu zake walichelewa kuamini. Kukataa kwa ndugu si ushahidi kwamba shahidi ameshindwa.

Lakini soma pia Matendo 1:12-14. Baada ya ufufuo, ndugu hao hao wamo katika chumba cha juu, wakidumu katika kuomba. Katika 1 Wakorintho 15:7 Paulo anaandika kwamba Kristo aliyefufuka alimtokea Yakobo. Ilichukua miaka. Yesu hakuwalazimisha, wala hakuwakatia tamaa.

JUMATANO: Barua kwa Lizzie

Ellen aliwaandikia barua viongozi, wachungaji na makanisa. Nyingine zilikuwa na makemeo makali. Alimwandikia pia pacha wake, ambaye alimwita Lizzie.

Mapema mwaka 1891 Ellen alimwandikia tena. Wakati huo wote wawili walikuwa na umri wa miaka 63. Ellen mwenyewe alikuwa mjane tangu mwaka 1881, hivyo aliyajua machozi. Je, alitumia nafasi hiyo kumwonyesha makosa yake? Sehemu za barua hiyo zinazosomwa hadi leo zinamweleza Yesu: upendo wake, utayari wake wa kusamehe, na urahisi wa kumwendea na kumwambia kila kitu kama rafiki.

Huyu ndiye aliyeandika kurasa nyingi juu ya Sabato, unabii na afya. Alipomwandikia mtu wa tumbo lake, alianzia kwa Yesu.

Soma 1 Petro 3:1, 2. Petro anawaandikia wake walioolewa na wasioamini. Kanuni hiyo inawezaje kutumika kati ya ndugu na ndugu? ______________________

Mara nyingi katika vikao vya familia, hasa msibani, Mkristo hushawishika kutoa hotuba. Inafaa ajiulize kwanza: Je, ndugu zangu wananijua kwa kile ninachokataa tu, chakula nisichokula na siku nisiyofanya kazi, au wamewahi kusikia kutoka kwangu jinsi Bwana alivyonihurumia?

ALHAMISI: Mhukumu wa Dunia Yote

Mwezi Novemba 1891 Ellen alipanda meli kwenda Australia, ambako alifanya kazi hadi mwaka 1900. Kabla ya mwaka 1891 kwisha, Elizabeth alifariki. Waliozaliwa siku moja walitenganishwa na bahari, kisha na kaburi.

Soma Warumi 9:1-3. Paulo alikuwa na uchungu gani kwa ajili ya jamaa zake? ______________________

Biblia haimkatazi mwamini kuumia namna hiyo. Inamkataza mambo mawili. La kwanza ni kuketi katika kiti cha hukumu. Ibrahimu, akiwaombea watu wa Sodoma, alitegemea jambo moja: Mhukumu wa dunia yote atatenda haki (Mwa. 18:25). Mungu ndiye ajuaye barua ilifanya kazi gani moyoni usiku mwanamke alipoisoma peke yake. Darasa lisimhukumu Elizabeth, wala lisimtangaze kuwa ameokoka. Limwache mikononi mwa Yeye aliyemfia.

La pili ni kuahirisha. Wafu hawajui neno lo lote (Mhu. 9:5), na hakuna sala ya walio hai inayoweza kubadili hali yao. Barua ya mwaka 1891 ilifika kwa wakati kwa sababu iliandikwa Elizabeth akiwa bado hai.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Luka 15:25-32 na Yohana 1:40-42. Linganisha kaka aliyekataa kuingia karamuni na Andrea, aliyeanza kwa kumtafuta ndugu yake.

Siku ile Ellen alipoanguka njiani, Elizabeth alimbeba hadi nyumbani. Ellen naye, kwa sala na kwa kalamu, alitamani pacha wake afike nyumbani kwa Baba. Hakuwa na uwezo wa kumlazimisha. Alikuwa na uwezo wa kumpenda na kumwandikia.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki mmoja anasema ameacha kumwombea kaka yake kwa sababu ameomba miaka ishirini bila jibu. Darasa litamwambia nini kutoka katika Yohana 7:5 na Matendo 1:14?

2. Kuna tofauti gani kati ya kuheshimu uchaguzi wa ndugu na kutojali wokovu wake?

3. Familia imefiwa na mtu ambaye hakuwa na dini. Washiriki waseme nini msibani, na wanyamaze kuhusu nini?

4. Kabla ya Sabato ijayo, mwandikie au mpigie simu ndugu mmoja asiyeshiriki imani yako. Usianze na mafundisho. Anza na habari zake, kisha mwambie jambo moja ambalo Bwana amekutendea.