Mkuu wa Zimamoto na Milango Iliyoachwa Wazi

Huko Sangailu, katika sehemu za Garissa zilizo karibu na msitu wa Boni, nyumba ya mfugaji wa kuhamahama hujengwa kwa fito na mikeka. Wakati wa kiangazi cheche moja ya jikoni ikichukuliwa na upepo yaweza kuteketeza boma zima, na mji wa Garissa uko mbali. Basi mtu wa huko aweza kuuliza: habari za mkuu wa zimamoto wa mji mkubwa zitanifaa nini? Maisha ya Bwana James Braidwood yatoa jibu, maana yeye alifundisha kwamba moto hushindwa kwa kazi iliyofanywa kabla haujawaka.

Bwana Braidwood alizaliwa mwaka 1800 katika mji wa Edinburgh, nchi ya Scotland, akajifunza kazi ya ujenzi. Mwaka 1824, alipokuwa na umri wa miaka 24 tu, alifanywa mkuu wa zimamoto wa mji huo. Kabla hajapata nafasi ya kuwafundisha watu wake sawasawa, mwezi Novemba mwaka ule ule ulizuka moto mkubwa. Wakubwa wengi wa mji walifika, kila mmoja akatoa amri yake, na wazimamoto hawakujua wamtii nani. Mamia ya nyumba yaliteketea na watu wakafa.

Baada ya msiba huo iliamriwa kwamba penye moto mkuu wa zimamoto peke yake ndiye atakayetoa amri. Naye Bwana Braidwood akachagua maseremala, waashi na wahunzi, watu wanaojua jinsi nyumba inavyosimama na jinsi inavyoanguka. Aliwafanyisha mazoezi kabla ya mapambazuko, kwa kuwa moto mwingi huzuka usiku. Aliwafundisha wasirushe maji ovyo kutoka barabarani, bali waingie ndani, wawili wawili, mpaka maji yafike penye shina la moto. Mmoja akizidiwa na moshi, mwenzake amtoe.

Mwaka 1833 kampuni za bima za London ziliunganisha wazimamoto wao, watu 80, zikamweka Bwana Braidwood juu yao. Mwaka uliofuata Jumba la Bunge liliungua, lakini ukumbi wake wa kale, Westminster Hall, uliokolewa.

Mara kwa mara Bwana Braidwood alionya juu ya maghala makubwa yaliyo kando ya mto Thames. Alisema kwamba ghala lisipogawanywa kwa kuta na milango ya chuma, hakuna bomba litakaloweza kuuzima moto wake. Tarehe 22 Juni 1861 moto ulizuka katika maghala ya Tooley Street, yaliyojaa pamba, katani, sukari na shahamu. Milango ya chuma ilikuwapo, lakini iliachwa wazi, na moto ukapita toka chumba hata chumba. Bwana Braidwood alikuwa akiwatia moyo watu wake waliochoka, mara ukuta ukaanguka, ukamwua. Moto ule ulichukua siku nyingi kuzimika kabisa.

Msiba huo uliwafumbua watu macho. Mwaka 1865 Bunge lilipitisha sheria, na tangu mwaka 1866 zimamoto ya London ikawa kazi ya umma, si ya kampuni za bima tena. Katika Kenya nako, Katiba ya mwaka 2010 imeiweka kazi ya kuzima moto mikononi mwa serikali za kaunti.

Lakini serikali haiwezi kufunga mlango wa kila mtu. Penye nyumba za mikeka, mlango ulio wazi ni nafasi ndogo mno kati ya nyumba na nyumba, nyasi kavu zisizofyekwa, na makaa yaliyoachwa bila kufukiwa. Tena wenyeji na wapatane mapema: nani atatoa amri, nani ataokoa watoto na wazee, nani ataondoa mikeka ya nyumba iliyo upande upepo uendako, na maji au mchanga utatoka wapi. Mambo hayo hayahitaji gari wala fedha, ila yasipofanywa leo, siku ya moto hayatakuwa na nafasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.