Maumivu ya Kifundo cha Mkono kwa Watu wa Kazi

Mtu apitaye Kamakis siku ya Jumamosi jioni, pale barabara ya Eastern Bypass ikaribiapo Ruiru, husikia sauti ya panga zikipiga gogo kabla hajafika penye nyama. Wakatao mifupa ya mbuzi, na wapishi wasongao ugali wa sufuria kubwa, hufanya tendo lile lile kwa mkono ule ule tangu asubuhi hata usiku. Kazi ya namna hii yaweza kuleta ugonjwa wa kano za kifundo cha mkono, nao ni ugonjwa udharauliwao na wengi mpaka siku panga liwaponyokapo.

Kano ni kamba ngumu iunganishayo msuli na mfupa. Misuli mikubwa ivutayo vidole haimo vidoleni. Imo katika sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Kwa hiyo kano zake hazina budi kupita kifundoni, na hapo hupita ndani ya ala nyembamba zenye utelezi, kama kisu kipitavyo alani mwake. Kano zikivutwa mno bila kupumzishwa, ala huwa nene na nafasi hupungua, na kila kidole kisogeapo kano hukwama na kuuma. Zamani ilidhaniwa kuwa ni uvimbe wa moto tu. Siku hizi waganga wanajua kwamba mara nyingi shida ni ule unene wa ala. Kwa sababu hiyo kuchuliwa kwa nguvu, au kuvutwa kidole mpaka kilie, hakutibu, na kwaweza kuzidisha maumivu.

Jambo hili si geni. Mwaka 1700 mganga wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi, na katika toleo lake la mwaka 1713 aliwataja makarani waliochoka mikono kwa kushika kalamu kutwa. Mwaka 1895 Fritz de Quervain, mpasuaji wa Uswisi, alieleza ugonjwa wa kano mbili za upande wa kidole gumba, nao huitwa kwa jina lake hata leo. Huwapata pia kina mama wenye watoto wachanga, kwani humwinua mtoto mara nyingi kwa kidole gumba kilichotanuliwa.

Mgonjwa aweza kujipima hivi: akunje kidole gumba ndani ya kiganja, afumbe vidole vingine juu yake, kisha ainamishe ngumi polepole kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali upande wa gumba ni dalili ya ugonjwa huu. Lakini ganzi ya vidole wakati wa usiku ni ugonjwa mwingine, na maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka yataka picha ya mifupa. Tena mkata nyama aliyechomwa na kisu au kipande cha mfupa, kisha kidole kikavimba, kikawa chekundu na kuuma kinaponyoshwa, asingoje hata kesho. Uchafu umeingia katika ala, na aweza kukipoteza kidole hicho. Aende hospitali siku ile ile.

Dawa ya kwanza ni kupumzisha mkono, na hapa ndipo penye taabu, maana alipwaye kwa siku huona kwamba kupumzika ni kulala njaa. Hata hivyo si lazima aache kazi yote. Aweza kuomba kupokea wateja au kugeuza nyama motoni kwa mkono wa pili, na mwenzake akashika panga. Panga linolewe kila siku, kwa kuwa panga butu hutaka nguvu maradufu, na mifupa mikubwa ikatwe kwa msumeno. Avae banzi lishikalo kifundo pamoja na kidole gumba, kwa muda wa wiki 4 hadi 6. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 10 au 15, hupunguza maumivu. Nayo haikosekani palipo na friji ya soda. Vidonge vya kutuliza maumivu visimezwe ovyo, hasa na mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa wa figo au mama mjamzito.

Isipopona, daktari aweza kupiga sindano penye ala, au mwishowe kuipasua ala kidogo ili kano ipate nafasi. Wengi hupona bila kufika huko.

Mwajiriwa amjulishe mwajiri wake mapema, na kutunza cheti cha daktari, kwani sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya mafao ya waumiao kazini yahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Arudipo penye gogo aanze kwa saa chache, na maumivu yakirudi apunguze tena siku hiyo hiyo.