Uliyeko Lindoni, Weka Karatasi Zako Sawa

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, lori lenye bomu lilifika kwenye geti la ubalozi wa Marekani, Oysterbay, Dar es Salaam. Boza la maji lililokuwa pale getini lililizuia lisiingie ndani. Watu 11 walikufa, wakiwemo walinzi wa kampuni binafsi.

Serikali zilikimbilia kazi zake. Marekani ilimsaka mtuhumiwa mmoja hadi Cape Town, ikamhukumu New York, ikajenga ubalozi mpya Msasani. Bunge letu likapitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002. Kampuni, yenyewe, huanza kwa kuuliza nani yumo kwenye orodha yake, bima inalipa nini, na biashara ifunguliwe lini. Jumba la maduka la Westgate, Nairobi, lililoshambuliwa Septemba 2013, lilifunguliwa tena Julai 2015. Pesa za fidia kutoka Sudan, dola milioni 335 kwa shambulio la 1998 na mengine, zilikubaliwa mwaka 2020, na kwa upande wa wasio Wamarekani ziliwaendea waajiriwa na wakandarasi wa balozi. Mpita njia aliachwa nje. Naona hilo ni dhuluma, lakini ndivyo milango ya fidia ilivyo, na anayetoka Mbagala alfajiri kwenda kulinda Masaki ajue mapema wake ni upi.

Dai nakala ya mkataba wako, inayotaja kampuni inayokulipa, kisha ipige picha na umtumie mtu wa nyumbani. Muulize mwajiri kama amejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mwaka 1998 mfuko huu haukuwepo. Ulianza kazi 2015, na unalipa anayeumia akiwa kazini. Akikujibu kwa kuzungukazunguka, nenda ofisi za mfuko ukaulize mwenyewe. Saini daftari la lindo kila zamu, ukiingia na ukitoka, hata kama msimamizi anakuambia atakuandikia. Jina lisipokuwepo siku ile, ni nani atasema ulikuwepo? Deiwaka asiye na mkataba atunze meseji za malipo ya simu, zisifutwe.

Mwenye duka au gesti Kinondoni asome kurasa za mwisho za bima yake ya moto. Mara nyingi ugaidi umeondolewa humo, na kinga yake hununuliwa kando.

Tukio likitokea, majeruhi atibiwe kwanza. Ndugu mmoja afuatilie fomu ya PF3 kituo cha polisi, mwingine abaki wodini akikusanya kila karatasi ya daktari. Mwajiri apewe taarifa kwa maandishi, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.