"Hii Si Sahihi ya Baba": Karatasi ya Kughushi Hutambuliwaje?

Upande wa Fort Ternan, pale miwa ya kuelekea Muhoroni inapokutana na kahawa na barabara inapoanza kupanda kwenda kwenye chai ya Kericho, shamba bado linauzwa kwa njia ya wazee. Watu wanakaa chini, mkataba unaandikwa, kila mmoja anatia sahihi, chai inanywewa. Kilichobadilika ni malipo. Siku hizi pesa zinapita kwa simu, tena kwa mafungu: elfu hamsini bonasi ya chai ikitoka, elfu thelathini kahawa ikilipwa, na salio baadaye.

Tuchukue mfano. Umenunua nusu ekari kutoka kwa mzee jirani na umemaliza kulipa. Miaka mitatu inapita, mzee anafariki. Siku unayopeleka mambo ya hati miliki, watoto wake wanatazama mkataba wako na kusema: hii si sahihi ya baba. Au wanatoa mkataba wao wenye bei nyingine kabisa. Mnaenda kwa mzee wa kijiji, kisha kwa chifu, kisha polisi, na mwishowe karatasi yako inatiwa kwenye bahasha na kupelekwa Nairobi, kwa wachunguzi wa hati wa DCI kule Barabara ya Kiambu, ambako maabara ya kitaifa ya uchunguzi ilifunguliwa rasmi mwaka 2022.

Watu wengi hudhani mtaalamu anaweka sahihi mbili sambamba na kuuliza kama zinafanana. Kufanana si shida. Mtu anayeghushi amefanya mazoezi, na umbo la sahihi analipata vizuri tu. Kinachomshinda ni mwendo wa mkono. Sahihi yako umeiandika mara maelfu na mkono unakwenda wenyewe bila kufikiri: kalamu inashuka ikiwa tayari kwenye mwendo, inakaza hapa, inalegea pale, na mwisho wa mstari unakuwa mwembamba kama mkia. Anayeiga hachori hivyo. Anakwenda polepole kwa sababu anatazama mfano. Chini ya darubini mstari wake unaonekana una unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, ncha zake ni butu, kalamu imeinuliwa mahali ambapo mwenye sahihi hainui, na pengine kuna kiraka pale aliporudi kurekebisha kidogo.

Kuna jambo lingine ambalo huwashangaza watu. Hakuna mtu anayetia sahihi mbili zinazolingana kabisa. Tia yako mara kumi sasa hivi uone. Kwa hivyo mchunguzi akiweka sahihi inayobishaniwa juu ya nyingine ya zamani na zikalingana mstari kwa mstari, hapo ndipo anaposhtuka, maana moja huenda imenakiliwa kwa kuangaza karatasi kwenye kioo, au imechukuliwa kwa skana na kubandikwa.

Na mzee ambaye mkono unatetemeka? Hili tunalipa uzito, kwa sababu wauzaji wengi wa mashamba ni watu wa umri. Mtetemeko wa uzee au wa ugonjwa haufuati utaratibu. Unakuja na kuondoka, na katikati yake bado kuna vipande ambavyo mkono uliteleza kwa mazoea ya miaka. Mtetemeko wa mwigaji unatokana na kwenda polepole, na mara nyingi umesambaa sahihi nzima. Ndiyo maana mchunguzi haridhiki na sahihi moja ya kulinganisha. Anataka nyingi, na za karibu na tarehe ya mkataba, kwa kuwa sahihi ya mtu wa miaka 40 si ile ya miaka 75. Zilizo bora ni zile za siku za kawaida, mzee alipokuwa hana kesi na mtu: daftari la chama cha ushirika, fomu ya benki, barua ya shule, risiti za mazao. Mtu aliye hai huambiwa pia aandike sampuli mbele ya polisi, lakini hizo peke yake hazitoshi, kwani anayejua anachunguzwa anaweza kubadilisha mkono makusudi.

Kama muuzaji hutia kidole gumba badala ya kuandika, msidharau. Alama ya kidole ni ushahidi wenye nguvu kuliko sahihi, mradi isomeke. Wino uwe kidogo, kidole kibonyezwe mara moja bila kusugua, na mistari ionekane. Doa jeusi halimsaidii mtu.

Sasa tuje kwenye karatasi ambayo sahihi zake ni za kweli lakini maneno yamebadilishwa. Kwetu sisi hii ndiyo hatari kubwa zaidi, kwa sababu mwenyewe ukitazama unaona ni mkono wako. Elfu 15 imekuwa elfu 45 kwa kuongeza mstari kwenye 1. Au ukurasa wa kwanza wenye bei umetolewa, mwingine umewekwa, na ule wa sahihi umebaki palepale.

Mchunguzi ana njia zake. Wino wa kalamu mbili nyeusi, ambao kwa macho ni mmoja, ukiwekwa chini ya mwanga wa infraredi unaweza kuachana: mmoja unatoweka, mwingine unabaki mweusi. Hapo mstari ulioongezwa unajitokeza wenyewe. Karatasi iliyofutwa nyuzi zake zimechubuka, na ukiilaza mwanga kwa pembeni inaonekana. Karatasi iliyokuwa chini ya nyingine wakati wa kuandika inabaki na mifereji ya maandishi yale, hata kama haina wino hata tone. Kurasa zinalinganishwa matundu ya pini, aina ya karatasi, herufi za printa. Lakini kuna swali moja ambalo watu hupenda kuuliza na jibu lake huwa gumu: wino huu uliandikwa lini? Usijenge kesi yako yote juu ya hilo.

Karibu yote haya yanahitaji karatasi halisi. Fotokopi haina mkandamizo wa kalamu, haina mifereji, na wino wake ni wa mashine. Picha ya simu ndiyo mbaya zaidi. Na hapa kuna mazoea yetu ambayo yanaharibu ushahidi kwa nia njema: kupeleka mkataba ukafanyiwe lamineti ili usichakae. Plastiki ile inapikwa kwa joto juu ya karatasi, na mchunguzi hawezi tena kuifikia vizuri. Weka mkataba kwenye bahasha kavu, bila kuukunja kwenye sahihi, bila selotepu. Na usijaribu ile mbinu ya watoto ya kusugua penseli juu ya karatasi ili kuona mifereji. Ukifanya hivyo umeiharibu.

Kuhusu nafasi wazi, kuna kesi ya zamani ya Uingereza ambayo inafaa kujulikana Fort Ternan kama London. Karani wa kampuni ya Macmillan and Arthur alimpelekea bosi wake hundi ya pauni 2 atie sahihi. Tarakimu ilikuwa 2, ikiwa na nafasi huku na huku, na sehemu ya maneno ilikuwa tupu. Bosi alikuwa na haraka, akatia. Karani akaongeza 1 mbele na 0 nyuma, akaandika maneno ya pauni 120, akachukua pesa benki na kupotea. Mwaka 1918 mahakama ya juu kabisa ya huko iliamua hasara ni ya kampuni, si ya benki, kwa kuwa iliandika hundi kizembe.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Ukiandika "shilingi" ukaacha nafasi ndipo "elfu tano", mtu anaingiza "laki moja na" katikati, na sentensi inasomeka bila kasoro. Anza kuandika kiasi palepale baada ya neno shilingi, malizia na "pekee", na upige mstari kwenye nafasi iliyobaki. Kila mmoja atie sahihi fupi kwenye kila ukurasa, si wa mwisho tu.

Ripoti ya mtaalamu haimalizi kesi. Katika kesi ya mirathi ya Ndolo, mwaka 1996, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema maoni ya mtaalamu hupimwa pamoja na ushahidi mwingine wote, na jaji hawezi kuyakubali kwa sababu tu yametoka kwa mtaalamu. Na tangu kesi ya Patel dhidi ya Lalji Makanji ya 1957, anayedai udanganyifu katika kesi ya madai anatakiwa kuuthibitisha kwa uzito zaidi ya kawaida. Kwa hivyo ule "ushahidi mwingine" una kazi kubwa, na hapo ndipo sisi tunapoingia.

Kila fungu ulilotuma kwa simu lina rekodi kwako, kwa aliyepokea, na kwetu. Kubadilisha mkataba ni rahisi kuliko kubadilisha rekodi iliyoko mahali patatu. Lakini skrinshoti ni kama fotokopi, tena ni rahisi zaidi kuichezea. Usikubali malipo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mwenzako, angalia salio lako mwenyewe. Ukienda mahakamani, omba taarifa ya miamala kutoka kwetu kwa njia rasmi, pamoja na cheti ambacho Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inakitaka kwa rekodi za kielektroniki.

Ila malipo peke yake hayanunui shamba. Sheria ya Mikataba inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo. Hivyo unganisha viwili hivi: ndani ya mkataba andika namba ya simu itakayopokea pesa na jina kama linavyotokea unapotuma. Kila fungu likilipwa, andika tarehe, kiasi na namba ya muamala kwenye karatasi moja, muuzaji atie sahihi mbele ya shahidi. Mzee akija kubishaniwa, utakuwa pia na sahihi zake sita au saba za miezi ile ile, na hizo ndizo mchunguzi anazozitafuta.

Ukishuku karatasi, usiandike chochote juu yake, usiizungushe alama, usimkabidhi upande wa pili "akaikague". Ipeleke kituoni, iandikishwe kwenye OB, chukua namba, na nyumbani ubaki na fotokopi.