Lundo la mboji lianze sasa, vuli haiko mbali

Mvua za vuli hutarajiwa kuanzia Oktoba, na mboji huchukua miezi miwili hadi mitatu kuiva. Kwa hiyo mkulima wa Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, anayetaka mchicha, bamia na tungule za vuli aanze lundo lake Julai hii, kusi ingali inavuma.

Nasema Bwejuu kwa sababu ushauri wa kituo cha kilimo cha Kizimbani haufai wote huku. Kule udongo una kina. Huku ni maweni: kinongo chekundu kidogo kidogo katikati ya mawe, na ukikaribia ufuo ni mchanga mtupu. Maji hupita humo upesi na kuondoka na mbolea uliyoinunua kwa pesa zako. Mabaki ya jikoni yaliyooza vizuri ndiyo yanayoufanya udongo huo ushike unyevu.

Usihangaike kuchimba shimo, utagonga jiwe. Panga mawe duara mahali penye kivuli, upana mita moja na kimo mita moja, kwani lundo dogo kuliko hapo halipati joto la kutosha. Tandika makuti chakavu chini, kisha kila ndoo ya maganda ya ndizi, muhogo na papai au machicha ya nazi ifuatwe na ndoo mbili au tatu za vitu vikavu: majani ya mkungu, nyasi, vumbi la makumbi yaliyopondwa. Makumbi yaliyofukiwa ufuoni yana chumvi, basi vumbi lake lipigwe kwanza na mvua au lisuuzwe. Mwani uliotupwa na bahari vilevile. Matumbo ya samaki ni chakula kizuri cha mimea, lakini yafukie katikati kabisa na uyafunike, la sivyo kunguru na paka watalifumua lundo lote. Mabaki ya mchuzi wenye chumvi na mafuta usitie.

Sasa jivu. Wengi wameambiwa jivu la kuni ni mbolea, na kwenye udongo wenye tindikali ni kweli. Maweni yana chokaa tele tayari, na jivu linaongeza palepale palipozidi. Tazama jani changa la tungule: likigeuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani, mmea umekosa chuma. Mara nyingi chuma kimo ardhini, ila chokaa imekizuia. Jivu lako lipeleke kwingine, na maganda ya mayai usiyahangaikie.

Maji ya visima vya karibu na bahari mara nyingi yana chumvi. Lundo linyweshe maji ya kuoshea mchele. Ukikamata konzi ya mboji na kuikamua, litoke tone moja au mawili, basi.

Pindua kila baada ya wiki mbili. Kabla ya hapo chomeka fito katikati, iache kidogo, ichomoe uishike. Ikiwa na joto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikinuka uvundo, ongeza makavu. Mboji iliyoiva ni nyeusi, imepoa, na huwezi tena kutambua ganda wala jani. Changanya ndoo ya lita 10 kwa kila mita moja ya mraba ya tuta, juu juu tu.

Kama jikoni kwako mabaki ni haba, nyumba za wageni zilizo jirani hutupa maganda ya matunda kila siku. Waombe wenyewe, wapelekee ndoo yenye mfuniko, na uwaambie wasichanganye na plastiki.