Redio ya Gari Inayosikia Lakini Haisikiki

Gari likikwama usiku pasipo mtandao wa simu, redio ya upepo ndiyo huita msaada. Tumeona madereva wakifungua redio za CB, kumbe hitilafu ipo kwenye antena. Mkiwasikia wenzenu vizuri nao wasiwasikie, acheni kubonyeza kitufe cha kusemea, kwa kuwa nguvu isiyotoka hurudi na yaweza kuunguza kifaa.

Tuanze na kitako cha antena. Hicho hutakiwa kugusa bati tupu la gari. Rangi na kutu hukata mguso huo. Kikwaruzeni, mkaze nati, kisha mkague waya unapopita mlangoni, ambapo aghalabu hubanwa. Baadaye fundi apime mawimbi yanayorudi, gari likiwa uwanjani na milango imefungwa. Kipimo cha 1.5 kinaridhisha, kikivuka 3, msiseme kabisa. Kikiwa kikubwa zaidi chaneli ya 40 kuliko ya 1, antena ni ndefu, ipunguzwe kidogo kidogo; kinyume chake, irefushwe. Fundi anayekata antena bila kupima, sisi hatumkabidhi gari.

Hatimaye jaribuni kuzungumza na mwenzenu aliye kilomita kadhaa, si aliyeegesha kando yenu.