SOMO LA WIKI: Swichi ya mtandao wa nyumbani – piga hesabu kwanza, nunua baadaye

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

MFANYABIASHARA wa Kigoma anayetaka kupeleka saruji Kalemie au Bujumbura hakodi chombo kabla hajajua mzigo wake ni tani ngapi. Akikodi chombo kikubwa kupita kiasi, nauli inameza faida. Akikodi kidogo, nusu ya mzigo inabaki gatini. Lakini mtu huyohuyo anapoingia dukani kutafuta vifaa vya mtandao wa kompyuta kwa ajili ya nyumba yake, swali lake huwa moja tu: "Ipi ina kasi kubwa zaidi?"

Swali hilo ni la gharama. Katika somo la wiki hii tunaeleza namna ya kuchagua swichi bila kupoteza mtaji. Somo hili linawahusu wenye nyumba, wenye nyumba za wageni, wenye studio za picha na pia wafanyabiashara wanaofikiria kuagiza vifaa hivi ili waviuze Mwanga au Ujiji. Wote hao wanahatarisha fedha zao, na umbali wa Kigoma kutoka Dar es Salaam, ambao kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, unafanya kosa la ununuzi liwe ghali mara mbili. Kifaa kibovu kinalipiwa nauli ya kuja, kisha nauli ya kurudi.

Swichi ni nini?

Swichi ni kisanduku chenye matundu ambamo kebo za kompyuta, kamera, televisheni na vituo vya Wi-Fi huchomekwa ili vifaa hivyo viweze kuwasiliana. Isichanganywe na ruta, ambayo kazi yake ni kuunganisha nyumba na mtandao wa nje.

Zamani ilitumika habu. Habu ilifanya kazi kama mpiga debe wa Kibirizi: kila taarifa iliyoingia ilitangazwa kwa kila aliyekuwapo, hata kama mhusika ni mmoja. Swichi ni kama karani wa mizigo. Inasoma alama ya gunia na kulipeleka kwenye mtumbwi wake, huku magunia mengine yakiendelea kupakiwa kwenye mitumbwi mingine kwa wakati mmoja. Ndiyo maana watu wawili wanaohamisha mafaili ndani ya nyumba moja hawasumbuani, ilimradi kila mmoja anatumia matundu yake.

Kasi zinazopatikana sokoni ni megabiti 100 kwa sekunde (kiwango cha mwaka 1995), gigabiti 1 (kebo ya shaba, mwaka 1999), gigabiti 10 (kebo ya shaba, mwaka 2006), na gigabiti 2.5 na 5 (mwaka 2016). Mnunuzi akumbuke kuwa mtandao hupimwa kwa biti wakati mafaili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo gigabiti 1 kwa sekunde si gigabaiti moja bali ni megabaiti 125.

Kamba hukatikia pabovu

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa swichi ya kasi kubwa itaongeza kasi ya intaneti. Tangu nyaya za baharini zilipofika pwani ya Tanzania mwaka 2009 na Mkongo wa Taifa ukafuata, huduma imekuwa bora. Hata hivyo, kasi inayoingia nyumbani ni ile uliyoilipia kwa kampuni ya simu. Ukilipia megabiti 20, swichi ya megabiti 100 inazipitisha zote na nafasi inabaki. Ukiiondoa na kuweka ya gigabiti 10, utabaki na megabiti 20 zilezile.

Swichi ya kasi ina faida pale mzigo unaposafiri ndani ya nyumba: kutoka kompyuta moja hadi nyingine, au kutoka kompyuta hadi diski ya pamoja ya kuhifadhia kumbukumbu. Tuchukue mfano wa mpiga picha za video za harusi mwenye faili la gigabaiti 60. Hiyo ni sawa na gigabiti 480. Kwa hesabu ya kalamu na karatasi:

– Swichi ya megabiti 100: sekunde 4,800, yaani saa 1 na dakika 20.
– Swichi ya gigabiti 1: sekunde 480, yaani dakika 8.
– Swichi ya gigabiti 2.5: sekunde 192, yaani dakika 3 na sekunde 12.
– Swichi ya gigabiti 10: sekunde 48.

Katika matumizi halisi muda huongezeka kidogo, lakini uwiano unabaki huo. Kutoka megabiti 100 kwenda gigabiti 1, mpiga picha ameokoa zaidi ya saa nzima kwa kila harusi. Hiyo ni faida ya wazi.

Je, aende hadi gigabiti 10? Hapa ndipo wengi huteleza. Diski ya kawaida inayozunguka husoma kama megabaiti 160 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, gigabaiti 60 zinahitaji sekunde 375, yaani dakika 6 na robo, hata kama swichi ina kasi ya radi. Maana yake ni kuwa mwenye diski hiyo akitoka gigabiti 1 kwenda gigabiti 10 anaokoa chini ya dakika mbili. Amelipia barabara ya njia nne huku lori lake ni bovu. Aanze kwa kubadili diski, aweke ile isiyozunguka, ndipo afikirie gigabiti 2.5. Gigabiti 10 imfikirie mtu ambaye anahariri video moja kwa moja kutoka kwenye diski ya pamoja kila siku, na ambaye muda wake una bei.

Kebo nayo ni mtaji

Kebo ya Cat5e hubeba gigabiti 1 hadi mita 100, na katika nyumba nyingi hata gigabiti 2.5. Cat6 hubeba gigabiti 10 kwa umbali wa mita 55 hivi, na Cat6A hufika mita 100.

Tatizo kubwa ni kebo za alumini zilizopakwa shaba nje na kuuzwa kwa jina la kebo za shaba. Zinakatika upesi, na zikipitishiwa umeme wa kamera hupata joto na kupoteza nguvu njiani. Kipimo ni rahisi: kwangua waya kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, hiyo ni alumini. Uzito pia husema, kwani roli ya alumini ni nyepesi.

Kwa wanaojenga nyumba za kupangisha, ushauri wetu ni kuweka mabomba na kebo nzuri ukutani kabla ya plasta. Swichi hubadilishwa kwa dakika tano. Ukuta haubadilishwi kwa dakika tano.

Matundu mangapi, na umeme kiasi gani?

Hesabu vifaa vyote vya kuchomeka, ongeza tundu moja la ruta, kisha ongeza robo kwa ajili ya baadaye. Mwenye vifaa 5 anahitaji matundu 6, na akiongeza robo anafika karibu 8. Anunue swichi ya matundu 8, si mbili za matundu 5. Zile mbili zikiunganishwa hupoteza matundu mawili, na mzigo wote kati yake hubanana kwenye kebo moja.

Zipo swichi ambazo pia hupeleka umeme kupitia kebo ya mtandao, hivyo kamera au kituo cha Wi-Fi hakihitaji soketi karibu. Viwango vyake ni wati 15.4 kwa tundu (mwaka 2003), wati 30 (mwaka 2009) na hadi wati 90 (mwaka 2018). Lakini angalia jumla ya wati ambazo swichi nzima inaweza kutoa, siyo kiwango cha tundu moja tu. Mfano: kamera 4 za wati 7 kila moja ni wati 28, na vituo 2 vya Wi-Fi vya wati 13 ni wati 26. Jumla ni wati 54. Ukiweka akiba ya robo, unahitaji swichi inayotoa wati 68 au zaidi. Ya wati 60 itawasha vyote leo, lakini haitapokea kamera ya tano bila kupita uwezo wake.

Jambo jingine la kuokoa fedha: kamera moja hutumia megabiti chache tu kwa sekunde. Swichi ya megabiti 100 inatosha kwa kamera, mradi tundu linalokwenda kwenye ruta au kinasa picha liwe la gigabiti 1.

Ya kawaida au ya mipangilio?

Swichi ya kawaida unachomeka na kuanza kazi. Ya mipangilio ni ghali zaidi, lakini inaweza kuugawa mtandao mmoja katika mafungu yasiyoonana. Mwenye nyumba ya wageni asiigope gharama hiyo. Mgeni wa chumba namba 4 hana sababu ya kufika kwenye kompyuta ya hesabu. Kwa familia isiyo na wageni wala duka, ya kawaida inatosha.

Swichi nyingi za mipangilio pia zinaweza kuzuia mzunguko. Mtoto akichomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi ya kawaida, taarifa huzunguka bila kikomo na mtandao wote husimama. Kabla hujamwita fundi na kumlipa, tazama kwanza kama hakuna kebo ya namna hiyo.

Radi na kukatika kwa umeme

Mkoa wa Kigoma ulitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022. Wenye vifaa wanajua madhara ya umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Weka ruta na swichi kwenye UPS moja. Swichi ndogo ya wati 5 haina njaa, hivyo UPS ya kawaida huibeba kwa muda mrefu.

Radi ni adui mwingine. Vipimo vya setilaiti vilivyochapishwa mwaka 2016 viliiweka Kabare, mashariki ya Kongo, kaskazini mwa ziwa letu, katika nafasi ya kwanza Afrika kwa wingi wa radi. Kebo ya shaba iliyotandazwa uani kutoka nyumba kubwa hadi stoo ni njia ya radi kuingia kwenye kila kifaa. Kati ya majengo mawili tumia faiba isiyo na chuma ndani, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Kwa hiyo chagua swichi yenye angalau tundu moja la faiba. Hakikisha pia nyumba ina waya wa ethi unaofanya kazi, na kazi hiyo ifanyike kabla mvua za vuli hazijaanza.

Rahisi inaweza kuwa ghali

Sokoni zipo swichi kubwa za mitumba zilizotoka maofisini, matundu 24, bei ya kuvutia. Tuseme moja inakula wati 60, na mpya ya matundu 8 inakula wati 5. Zote huwaka saa 24. Kwa mwezi wa siku 30, ya mtumba inakula uniti 43.2, na mpya uniti 3.6. Tofauti ni uniti 39.6 kwa mwezi, au uniti 475 hivi kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipia kwenye Luku, kisha zidisha kwa miaka mitatu, ndipo useme ipi ni rahisi. Hapo bado hujahesabu kelele za feni chumbani.

Unapolipa

Dai risiti ya EFD na udhamini wa maandishi unaotaja nani atagharamia usafirishaji kifaa kikiharibika. Uliza kama aina hiyo ya kifaa imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Kisha omba majaribio palepale dukani: unganisha kompyuta mbili zenye uwezo wa gigabiti 1 na utazame kasi zinazosoma. Zikisoma megabiti 100, huenda kebo ina waya uliokatika, kwa sababu gigabiti 1 huhitaji jozi zote nne. Badilisha kebo kwanza. Hali ikibaki ileile, swichi irudi kwenye rafu ya mwenyewe.

Kwa wanaotaka kuagiza mzigo wa kuuza, hesabu ni hiyohiyo. Mteja wa kawaida wa hapa anahitaji gigabiti 1, matundu 5 au 8, na wa kamera anahitaji ile inayopeleka umeme. Hizo ndizo za kujaza rafu. Za gigabiti 10 ziagizwe kwa oda na malipo ya awali, kwani bidhaa ya kompyuta iliyokaa rafuni haikai kama chumvi. Kila mwaka unaopita inapoteza bei.

Kwa kifupi: pima mzigo, tafuta pabovu pa kamba, rekebisha hapo, na fedha inayobaki irudi kwenye biashara.